Taiga wa Mnyera, samaki anayevuliwa ili aachiwe

Kila mwaka kiangazi kinapokomaa na mito ya Bonde la Kilombero kurudi ndani ya kingo zake, kikundi kidogo cha wageni husafiri kutoka Ulaya, Marekani na Afrika Kusini kuja kumtafuta samaki ambaye hawana nia ya kumla. Hulipa maelfu ya dola kwa juma moja. Hubeba fito za kuvulia zilizotenganishwa vipande vinne na kufungiwa kwenye mirija, rili zenye breki, na visanduku vya vyambo vya manyoya walivyovifunga kwa mikono yao wakati wa baridi huko kwao. Samaki akinaswa hupimwa, hupigwa picha, kisha huinamishwa majini na kuachiwa. Mndamba aliyekulia kando ya maji hayo, ambaye babu yake alivua kwa mgono na mtumbwi wa gogo, akiyaona haya kwa mara ya kwanza ana haki ya kujiuliza kama watu hawa ni wazima.

Nami nilikwenda na swali hilohilo. Nimekulia nyumba ambamo samaki aligawanywa kwa itifaki, kichwa kwa baba na mkia kwa aliyechelewa kurudi, na sikuwahi kusikia mtu akisifiwa kwa kumrudisha sato ziwani. Juma moja katika kambi iliyojificha kando ya Mto Mnyera halikunimaliza mshangao. Liliuhamisha tu, kutoka kwa wageni hadi kwa mto wenyewe.

Samaki anayesakwa wageni humwita tigerfish, na kambini jina limekatwa likabaki taiga. Ziwa Tanganyika ndugu yake ni kibebe, na Mto Kongo una jitu la ukoo huohuo, mbenga. Aina iliyopewa jina la nchi yetu, Hydrocynus tanzaniae, ilielezwa kisayansi mwaka 1986, nayo huishi katika mito inayotiririkia Bahari ya Hindi, hasa Rufiji na matawi yake, na Ruvu. Ni samaki wa rangi ya fedha yenye kivuli cha buluu, mistari myeusi ubavuni, mkia uliopasuka kati. Lakini kitakachobaki kichwani mwako ni kinywa. Meno yake ni machache, marefu, yamepishana ya juu na ya chini, na yanaonekana hata akiwa amefunga mdomo. Yakichakaa huyamwaga na kuotesha mengine. Mwaka 2014 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha ushahidi wa jambo ambalo wavuvi walikuwa wakilisimulia bila kuaminiwa: taiga wa Bwawa la Schroda, kule Mapungubwe, wakiruka juu ya maji na kudaka mbayuwayu walio katikati ya kuruka.

Mnyera na pacha wake Ruhuji huanzia kwenye nyanda za baridi za Njombe na Mufindi, penye chai na misitu ya mbao, kisha huporomoka kwenye magenge yenye misitu na kutokea bondeni ikiwa maji yaliyotulia na kutakata. Ruhuji una miamba na maporomoko zaidi. Mnyera ni mto wa mchanga na magogo, unapinda, unachimba ukingo mmoja na kujaza mwingine, na kila masika unaangusha miti mipya ndani yake. Chini zaidi mito hii hukutana na maji yashukayo Udzungwa na kuwa Kilombero. Kilombero ukiungana na Luwegu, hapo ndipo panapoanza jina la Rufiji.

Msomaji asidanganywe na neno msitu. Kandokando ya mto mikuyu na mivule imefungamana hata jua halifiki chini, lakini ukitembea kidogo tu kutoka majini unaingia miombo mikavu, na mbele yake mbuga ya nyasi ambayo masika hugeuka ziwa. Bonde hili lote, karibu hekta 800,000, liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia. Hapa ndipo sheshe, swala mwekundu wa majimaji, alipokuwa na kundi kubwa kuliko popote Afrika. Hapa pia pana kwera wa Kilombero, ndege mdogo wa manjano ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1990 tu.

Mgeni hufika kwa ndege ndogo ya kukodi kutoka Dar es Salaam, akatua kwenye kiwanja cha nyasi. Mimi nilipitia njia ya wenye nchi: Tazara hadi Mlimba, kituo ambacho reli hii ya kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, hupumzika kabla ya kuanza kupanda milima kuelekea Makambako. Kutoka Mlimba ni gari la kambi, vumbi jekundu, na mbung'o wanaopenya hata shati nene. Mbu ni habari nyingine. Ifakara, mji mkuu wa bonde hili, una taasisi ya utafiti wa afya iliyoanza kama maabara ndogo ya Waswisi mwaka 1957, na imepata umaarufu wa dunia kwa utafiti wa malaria. Taasisi ya namna hiyo haijengwi mahali pasipo na mbu. Wageni wote walikuwa wakimeza dawa kila jioni kwa nidhamu ya seminari.

Kambi yenyewe ni mahema chini ya miti, sebule ya makuti na nguzo, jiko la mkaa, bafu la ndoo inayoning'inia. Hakuna saruji, maana hakuna sababu ya kuijenga. Mvua zikija, yote hufungwa na kuondolewa, na mto hupita palipokuwa na meza ya chakula. Msimu ni mfupi, takriban Agosti hadi Novemba, maji yakiwa machache na angavu kiasi cha taiga kuweza kuona chambo kinachopita.

Kazi huanza kabla ya jua. Kahawa, mkate, halafu mashua ya bati ngumu yenye injini nyuma. Ndani wanakaa wageni wawili, mwongozaji, mara nyingi kijana wa Afrika Kusini mwenye ngozi iliyokaangwa na jua, na nahodha. Huyo wa mwisho ndiye nataka kukueleza habari zake, kwa sababu picha za magazeti ya uvuvi hazimwonyeshi. Anakaa nyuma, nje ya fremu.

Nahodha wetu alikuwa Mndamba wa umri wa baba yangu mdogo. Alivua hapa kwa nyavu miaka mingi kabla ya kuajiriwa. Tulipofika palipo viboko hakupiga kelele wala kuongeza mwendo. Aligonga ubavu wa mashua kwa kafi, taratibu, mpaka vichwa vikaibuka kimoja kimoja, akavihesabu kwa midomo, ndipo akachagua upande wa kupita. Kiboko unayemwona si tatizo, aliniambia baadaye. Tatizo ni yule ambaye hesabu yake imekosekana. Mwongozaji alijua vyambo, uzito wa uzi na upepo. Nahodha alijua mto. Alijua gogo lipi lilianguka masika iliyopita na lipi lina miaka mitatu, kwa kuwa taiga mkubwa hapendi gogo jipya hadi samaki wadogo walizoee. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, wasema watu wa pwani. Huku hakuna pweza, lakini malipo kati ya anayejua uzi na anayejua mto yanatofautiana sana, na hilo halihitaji methali.

Uvuvi wenyewe ni huu. Mgeni husimama mbele ya mashua na kuupiga uzi hewani, mbele na nyuma, hadi urefu utoshe, kisha hukitua chambo chini ya gogo au kwenye kivuli cha ukingo uliochimbika. Uzi huzama. Hapo huuvuta kwa mkono wa kushoto, mivuto ya haraka, ili manyoya yale yaonekane kama kisamaki kinachokimbia. Kati ya ndoana na uzi kuna kipande cha waya, kwa sababu meno ya taiga hukata nailoni mara moja. Akipiga, humchukua mtu kwa ghafla hata kama amekuwa akimngoja tangu alfajiri: uzi unakazika, vidole vinaungua, na samaki yuko hewani kabla mtu hajasema lolote.

Na hapo ndipo wengi humkosa. Taya za taiga ni mfupa mtupu. Kumchoma ndoana ni kama kupigilia msumari kwenye tofali. Aliyejifunza kwa trauti wa mito baridi huinua ufito juu kwa mazoea, na chambo kinatoka kinywani kisafi kabisa. Inatakiwa ufito ubaki chini, ukielekezwa kwa samaki, na mkono uuvute uzi kwa nguvu zote mara mbili au tatu. Mzungu mmoja mstaafu, mtu mpole aliyekuwa daktari maisha yake yote, alijua somo hili kwa maneno na aliweza kukufundisha wakati wa chai. Mashuani mkono wake ulikuwa na akili yake. Siku baada ya siku aliinua ufito, akapoteza samaki, akatukana kwa lugha yake, akaomba radhi kwa Kiingereza. Nahodha hakuwahi kucheka. Aligeuza tu injini na kumrudisha kwenye gogo lilelile.

Kufika saa tano asubuhi joto la Oktoba linakuwa limewashinda samaki na watu. Mashua hufungwa kivulini, watu hula, wengine hulala sakafuni kofia ikiwa usoni. Saa tisa alasiri kazi huanza tena hadi giza. Kwa siku njema mgeni anaweza kunasa wengi wa wastani, wa kilo mbili, tatu, nne. Anayemtafuta ni yule wa kilo kumi na zaidi, na huyo anaweza asitokee juma zima. Kuna watu hurudi msimu hadi msimu kwa ajili ya kivuli walichokiona kikifuata chambo kisha kikageuka.

Kila mchezo una daftari la wakubwa wake. Daftari la huu hushikwa na chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, IGFA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1939. Kwa taiga wa kawaida, rekodi ya dunia ni kilo 16.1, samaki wa Ziwa Kariba upande wa Zimbabwe, mwaka 2001. Kwa mbenga wa Kongo ni kilo 44, mwaka 1988. Ila samaki wa rekodi ya uzito lazima apimwe nchi kavu, kwa mizani iliyothibitishwa, na kambi nyingi za leo hazitaki kumtesa samaki kiasi hicho. Kwa hiyo wakubwa wa Mnyera wanabaki nje ya daftari. Wanapimwa ndani ya wavu laini uliotundikwa kwenye mizani ya mkononi, haraka, huku mtu mwingine akimwagia maji mgongo wao, kisha wanakwenda zao.

Zamani nyara ilikuwa samaki aliyekaushwa na kutundikwa ukutani juu ya meko. Siku hizi ni picha. Anayetaka kitu cha kutundika huchukua vipimo vya urefu na unene, akamlipa fundi amtengenezee samaki wa plastiki mwenye rangi zile zile. Nilipomweleza nahodha habari za samaki huyo wa plastiki, aliomba nirudie.

Je, kumwachia samaki ni kumhifadhi? Wenye kambi watakujibu ndiyo bila kusita, na wana hoja. Ndoana zao hazina kichomo cha nyuma, hivyo hutoka bila kupasua. Taiga wakubwa kwa kawaida ni majike, kwa hiyo anayewarudisha amerudisha mayai mengi. Na watu wenye mashua wanaopita mtoni kila siku ni macho, hata kama hawana bunduki. Lakini hoja hiyo isivutwe zaidi ya urefu wake. Samaki aliyepigana muda mrefu kwenye maji ya joto huchoka hadi misuli kujaa asidi, na maji ya joto yana oksijeni kidogo ya kumrudishia pumzi. Mwongozaji mwema humshika kichwa kikielekea mkondo, akamngoja hadi ajisukume mwenyewe. Mwongozaji mwenye haraka ya picha ya nne humwachia akiwa amelegea, na mamba wa Mnyera wanajua sauti ya mashua inayosimama. Niliona maji yakifumuka mara moja mahali tulipomwachia samaki. Hakuna aliyesema neno, na mgeni akaanza kufunga chambo kipya.

Maoni yangu ni kwamba mchezo huu una adabu zake, na adabu hizo ni bora kuliko kuua kwa ajili ya ukuta. Ila uhifadhi ni neno kubwa mno kwa mtu anayekaa juma moja. Hatima ya taiga wa Mnyera inaamuliwa mbali na ndoana, na watu ambao hawajawahi kushika ufito.

Wa kwanza ni wavuvi wenyewe wa bonde. Wandamba ni watu wa maji tangu zamani. Mtumbwi, upondo, migono, samaki wa kubanikwa juu ya moshi na kupelekwa sokoni Mlimba na Ifakara. Kwenye vichanja utakuta perege, kambale, ngogo, kitoga, na taiga pia. Nilipozungumza na akina mama wauza samaki Ifakara, taiga hawakumpa heshima yoyote ya pekee: ana miba, wakasema, lakini akikaushwa vizuri mchuzi wake unatosha ugali wa nyumba nzima. Uvuvi huo wa kale haukuwahi kuumaliza mto. Kinachotisha ni kokoro lenye matundu madogo, chandarua cha mbu kilichogeuzwa wavu, na utupa, mmea unaopondwa na kutiwa majini hadi samaki wote, wakubwa kwa vifaranga, waelee. Mtu hatumii utupa kwa ubaya wa moyo. Hutumia kwa kuwa ana watoto, na kwa kuwa wenzake wa juu wametumia jana.

Wa pili ni wakulima na wafugaji. Mpunga wa Kilombero unalisha miji, na mashamba yameendelea kusogelea kingo. Mifugo iliingia bondeni kwa wingi hadi serikali ikaendesha operesheni ya kuiondoa mwishoni mwa 2012, operesheni ambayo hadi leo ukiitaja vijijini watu hutazamana kwanza kabla ya kujibu. Kingo zikikanyagwa na miti ya kando ikikatwa, mchanga hujaza vilindi, na taiga mkubwa ni samaki wa kilindi na kivuli.

Wa tatu ni wenye umeme, na hapa nitasimama kidogo, kwa sababu bonde hili lina kumbukumbu yake. Mto Kihansi uko jirani, unashuka Udzungwa kwa maporomoko marefu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ukijengwa, waligunduliwa kwenye rasharasha za maporomoko hayo vyura wadogo wa manjano wasiokuwapo mahali pengine popote duniani, wanaozaa watoto kamili badala ya kutaga. Maji yalipogeuziwa kwenye mitambo, rasharasha zilikatika. Vyura 499 walisafirishwa mwaka 2000 hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili kizazi kisipotee, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Baadaye vizazi vyao vilirudishwa nyumbani, chini ya mabomba ya kurushia maji yaliyofungwa kwa ajili yao. Umeme ule nchi iliuhitaji. Lakini yeyote anayesema mto ukipunguzwa maji viumbe vyake vitazoea, aulize Kihansi.

Sasa Ruhuji uko kwenye mipango: mradi wa megawati 358 upande wa Njombe. Mnyera nao umepimwa kwa mabwawa kadhaa kwenye miteremko yake. Na chini kabisa, Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilianza kujazwa Desemba 2022, likitegemea Kilombero kwa sehemu kubwa ya maji yake, maana takriban asilimia 62 ya mtiririko wa Rufiji hutoka bonde hili. Ndiyo kusema taa ya chumba changu Dar es Salaam inawaka kwa maji yaliyopita mbele ya hema la mzungu. Sina ujasiri wa kumwambia mtu wa Mlimba, ambako umeme umechelewa kufika vijiji vingi, kwamba megawati zingoje kwa ajili ya mchezo wa wageni.

Isitoshe, bwawa si lazima liwe adui wa taiga. Kariba ni ziwa la kutengenezwa na watu. Lilianza kujaa mwaka 1958. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walipelekwa humo dagaa wa Ziwa Tanganyika, wakazaana, na taiga wakapata chakula tele. Wazimbabwe wana mashindano ya taiga hapo Kariba tangu mwaka 1962, watu hufika na familia na majiko ya nyama choma, na bingwa anaweza kuwa jirani yako. Huenda ziwa la Nyerere nalo likawa na taiga wanene siku moja. Lakini hao watakuwa samaki wa ziwa. Taiga wa Mnyera, anayesimama nyuma ya gogo kwenye maji yanayokwenda, anahitaji mto unaopanda masika na kushuka kiangazi. Anahitaji mafuriko yale yale yanayomsumbua mkulima, kwa kuwa ndiyo hufungua mbuga na kuwapa samaki wadogo mahali pa kukulia. Ukiusawazisha mto mwaka mzima kwa ajili ya mitambo, umemwachia nyumba lakini umemnyang'anya kalenda.

Haya yote hayazungumzwi sana kambini. Jioni, moto ukiwashwa, wageni huongea habari za maji mengine: dorado wa dhahabu kule Bolivia, samaki tausi wa Amazon, sangara wa Ziwa Nasser ambako mmoja wa kilo 104 alivuliwa mwaka 2000. Ni watu wanaojua ramani ya dunia kwa samaki wake. Mmoja aliniambia, bila masihara, kwamba amefika nchi za Afrika kadhaa na hajawahi kuona mji mkuu wowote zaidi ya uwanja wa ndege. Wanaupenda mto huu kweli. Nilimwona mmoja akitoka machozi siku ya mwisho. Wakifika kwao watatuma picha, na baadhi watachangia fedha wakiombwa.

Na fedha? Juma moja la mgeni lina mikono mingi ya kulipwa: ndege, vibali vya pori, leseni, mafuta ya injini, mwongozaji, mwenye kampuni. Kijijini kinachofika kwa uhakika ni ajira za msimu, za manahodha, wapishi, wafua nguo, walinzi, pamoja na bahashishi. Kwa familia chache ni fedha nyingi. Kwa vijiji vyote vinavyoombwa visiuguse mto, ni kidogo. Nadhani hapa ndipo penye kazi: kama wavu wa mtu umezuiwa ili samaki akue hadi kilo kumi na awe kivutio, basi mwenye wavu ana hisa katika samaki huyo, na hisa ina gawio. Sheria zetu zina njia za kijiji kugawana mapato ya wanyamapori na uwindaji. Kumhesabu samaki humo hakuhitaji falsafa mpya.

Siku ya mwisho yule daktari aliacha ufito chini. Sijui kama alikumbuka somo au alikuwa amechoka mno kuuinua. Taiga alipiga kando ya gogo la miaka mitatu, mkono ukauvuta uzi, ukavuta tena, na samaki akakaa. Mizani ilisema kilo saba na ushei. Picha zikapigwa, daktari akiwa magotini ndani ya maji ya kina cha goti huku nahodha, kafi mkononi, akiangalia mamba. Kisha samaki akaenda, na daktari akampa nahodha mkono mara tatu mfululizo.

Wakati wa kurudi nilikaa nyuma, karibu na injini. Nilimuuliza mzee hufanya nini mvua zikianza na kambi ikifungwa.

"Narudi Mlimba, mwanangu. Nina ekari zangu za mpunga."

"Na kuvua je?"

"Navua. Masika ndiyo samaki wanakuja wenyewe, mto unawaleta hadi karibu na nyumba. Wavu wangu una leseni."

Nikamuuliza kuhusu taiga, kama naye huwaachia.

Akanitazama kuona kama natania. "Huyu wa leo ni wa mgeni, amemlipia, aende salama," akasema. "Akija masika kwenye wavu wangu, mke wangu anajua pa kumweka chumvi."